Nguvu na Mshiko Wake

Binadamu hupenda nguvu. Watoto hushindana mieleka kabla hawajajua kusoma. Vijana hubishana juu ya gari lipi hupiga mbio kuliko jingine. Na watu wazima hutamani mali, cheo na sauti ya kusikilizwa. Tamaa hiyo si mbaya, kwani bila ya nguvu hakuna kazi itendekayo. Lakini wanaouliza swali la pili ni wachache, nalo ndilo swali gumu: nguvu hiyo ikipatikana, itashikwa na nini? Jembe likiwa na makali kama wembe, na mpini wake ukiwa umelegea, humchosha mlimaji kuliko jembe butu. Mto ukifurika pasipo mfereji, maji huenda zake na shamba likabaki na kiu.

Msomaji wangu, nataka tulitazame swali hilo la pili kwa njia ya chombo kimoja kidogo kilichofichika ubavuni mwa injini, kiitwacho klachi. Usiseme, "Mimi si fundi, habari hii hainihusu." Mimi pia si fundi, mimi ni mwalimu, na mikono yangu imezoea chaki kuliko spana. Lakini elimu haikai darasani peke yake. Mara nyingine hukaa katika karakana yenye paa la mabati, na anayetaka kuipata hana budi kuinama na kuchafuka mikono.

Bila shaka umepata kuona pikipiki ya magurudumu manne, ambayo watu wengi huiita kwadi. Ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kazi: nzito, yenye kubeba mizigo shambani au kutembeza wageni, na mara nyingi mpandaji hana haja ya kushughulika na klachi, kwa kuwa huendeshwa na mitambo yenyewe. Ya pili ni ya michezo: nyepesi, kali, ya kuruka matuta na kupanda vilima vya mchanga. Katika hii ya pili mpandaji hubadili gia kwa mguu wa kushoto, na klachi huishika kwa vidole vya mkono wa kushoto. Mfano mmoja maarufu ni Yamaha Raptor 700, iliyoanza kuuzwa mwaka 2006. Injini yake ina silinda moja tu. Kipenyo cha silinda ni milimita 102, na safari ya pistoni kutoka juu hadi chini ni milimita 84. Ukipiga hesabu uliyofundishwa ya ujazo wa mcheduara, utapata sentimita za ujazo 686.

Wenye vyombo kama hivi hawatosheki upesi. Mtu akikaa Mombasa, injini yake huvuta hewa nzito ya pwani. Akiipeleka Nakuru, mahali palipo juu ya bahari kwa mita 1,850 hivi, shinikizo la hewa hupungua kwa karibu sehemu moja katika tano, na injini nayo hupungukiwa na pumzi. Basi mwenye kwadi hutafuta namna ya kuirudishia nguvu iliyopotea, na kuipita. Hupanua silinda na kutia pistoni ya milimita 105. Piga tena hesabu ile ile, utaona kwamba ujazo umefika sentimita 727, yaani umeongezeka kwa karibu asilimia 6. Kisha huweka eksozi iliyo nyepesi kupitisha moshi, na kamshafti inayofungua vali kwa muda mrefu zaidi. Kila badiliko huongeza kidogo, na vidogo hivyo vikikusanyika huwa si vidogo tena. Injini iliyokuwa mtumishi sasa hunguruma kama simba. Mwenyewe hufurahi, huwaita rafiki zake, hufungua mafuta mpaka mwisho, na hapo huona ajabu: injini yapaza sauti, moshi watoka, lakini chombo hakiongezi mwendo. Nguvu ipo, wala haifiki chini. Klachi inateleza.

Sasa na tufungue kifuniko tuone. Klachi ya pikipiki hizi ni rundo la sahani nyembamba za duara, ambazo mafundi huziita pleti, zimepangwa kama chapati juu ya chapati. Ziko namna mbili, na hupangwa moja ya huku, moja ya kule. Pleti za kwanza zimevikwa kitambaa kigumu cha kusugua, nazo zina meno upande wa nje. Meno hayo huingia katika mianya ya chombo kilicho kama kikapu, ambacho huzungushwa na injini. Pleti za pili ni za chuma kitupu, nazo zina meno upande wa ndani, yanayoshika kitovu kilichofungwa kwenye mtaimbo wa giaboksi. Juu ya rundo lote kuna springi zinazolibana. Zikibana, pleti zote hushikamana, na injini na gia huzunguka kama kitu kimoja. Ukivuta wenzo kwa vidole, springi hunyanyuliwa, pleti huachana, na injini huzunguka peke yake. Yote haya hutendeka ndani ya oili.

Je, klachi hushika kwa nguvu ya kitu gani? Hushika kwa msuguano, ule ule unaokuzuia usianguke unapopita njia ya mvua. Mfaransa Guillaume Amontons alieleza mwaka 1699, na Coulomb, yule ambaye jina lake hutumika kupimia umeme, akathibitisha katika kazi iliyochapishwa mwaka 1785, kwamba msuguano hufuata uzito unaobana nyuso mbili, wala haufuati ukubwa wa nyuso hizo. Ubana maradufu, msuguano huwa maradufu. Utandaze uso uwe mpana zaidi kwa uzito ule ule, hupati nyongeza.

Hapa wanafunzi wangu waliniuliza swali zuri: "Ikiwa upana hausaidii, kwa nini klachi ina pleti nyingi?" Nikawajibu kwa madaftari. Jaribu nawe. Weka madaftari mawili mezani, moja juu ya jingine, na juu yake jiwe la kilo mbili. Mwenzako alishike la chini, wewe uvute la juu. Litatoka. Sasa panga madaftari manane. Mwenzako ashike la kwanza, la tatu, la tano na la saba kutoka chini. Wewe ushike yaliyosalia, uvute. Utakuta ugumu umeongezeka karibu mara saba, na uzito wa jiwe haukuongezeka hata kidogo! Siri yake ni hii: jiwe moja hubana kila daftari lililo chini yake kwa uzito wake wote. Kwa madaftari mawili kuna mahali pamoja pa kusuguana. Kwa manane kuna mahali saba, na kila mahali huupokea uzito mzima. Si upana ulioongezeka, bali idadi ya mishiko.

Kwa hiyo mtu atakaye kuimarisha klachi ana njia mbili zilizo wazi: kukaza springi, au kuongeza nyuso za kusuguana. Njia ya kwanza ni rahisi, na duka lolote la vipuri vya mashindano litakuuzia springi ngumu. Njia ya pili hutaka fikira na fedha. Namna nilivyoiona tofauti yake ndiyo habari ninayotaka kukusimulia.

Ndugu yangu mdogo ni fundi, naye ana karakana yake pembeni mwa Nakuru. Ufundi aliupata katika chuo cha vijana, kisha kwa miaka kadhaa ya kutumikia mafundi wengine. Katika likizo ya Agosti mwaka 2023 nilikwenda kukaa kwake. Siku moja alikuja mkulima mmoja wa ngano, mtu wa makamo mwenye kauli fupi, akiwa na kwadi yake juu ya gari la mizigo. Ilikuwa imepanuliwa silinda na kubadilishwa eksozi, na klachi yake ilikuwa imeungua mara mbili katika mwaka mmoja. Mara ya kwanza fundi wa mji mwingine alitia pleti mpya, akaijaza oili ya gari. Mara ya pili akatia springi ngumu. Zote mbili hazikudumu.

"Fundi," alisema, "nataka springi ngumu kuliko zote zilizopo. Klachi hii isiteleze tena maishani."

Ndugu yangu alikuwa ameinama. Akasimama, akapangusa mikono, akajibu kwa adabu: "Mzee, klachi isiyoteleza hata kidogo haina tofauti na bolti. Ukitaka bolti, nitakutilia kwa shilingi 50. Lakini kitakachovunjika baada ya hapo hakitakuwa cha shilingi 50."

Akatwaa kipande cha chaki akaandika mlangoni. Tuseme, akasema, klachi ina pleti 8 za kusugua. Kila pleti ina nyuso mbili, basi nyuso ni 16. Tukipata seti ya pleti zilizo nyembamba kidogo, tutaweza kuingiza moja zaidi, nyuso ziwe 18. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 12 na nusu. Kisha tutie springi ngumu kwa asilimia 10 tu. Zidisha 1.125 kwa 1.10, utapata 1.2375. Klachi itashika kwa karibu robo zaidi, na vidole vyako vitaongezewa mzigo wa sehemu moja tu katika kumi. Ukitaka robo hiyo kwa springi peke yake, mkono wako utabeba robo nzima. Na wewe hupanda milima, hushika na kuachia klachi mara mia kwa siku. Vidole vikichoka, utaachia nusu nusu, na klachi itaungua kwa kosa la mkono, si la injini.

Sikuongeza neno, lakini moyoni nilifurahi kama mwalimu aonapo hesabu yake imeajiriwa. Mkulima aliutazama mlango kwa muda. "Na ikiteleza?" akauliza. "Sitakulipa." Ndugu yangu akakubali.

Nilijua kuwa kukubali huko kulikuwa na uzito. Vipuri vilitakiwa kuagizwa kutoka nje, na fedha pekee aliyokuwa nayo ni ile aliyoiweka akiba kwa karo ya muhula wa tatu ya binti yake. Njia nyepesi ilikuwa mbele yake: kutia springi ngumu kama alivyoamriwa, kupokea malipo jioni ile, na kuachia lawama imwangukie mwenye amri siku ya kuvunjika. Hakuna ambaye angemlaumu. Hakuifuata.

Vipuri vilipofika, tulifungua kifuniko. Pleti za chuma zilikuwa zimegeuka rangi ya buluu kwa joto. Aliziweka juu ya kipande cha kioo cha dirisha, akapenyeza kijisahani chembamba cha kupimia, akanionyesha jinsi zilivyopinda. Kwenye mianya ya kikapu meno ya pleti yalikuwa yamechimba mitaro, kama kisu kinavyochimba ubao wa kukatia mboga. Pleti ikinasa katika mtaro huo, haiachani na mwenzake kwa wepesi, wala haishikamani kwa usawa. Kilibadilishwa kwa kikapu kilichochongwa kutoka pande zima la aluminiamu, kilicho imara kuliko kile cha kusubu. Pleti mpya zililazwa ndani ya oili usiku kucha, kwa sababu pleti kavu huungua katika dakika zake za kwanza. Bolti za springi alizikaza kwa zamu, moja na inayoikabili, kidogo kidogo, ili rundo libanwe sawasawa. Mwisho akamimina oili yenye alama ya JASO MA, ambayo ni alama ya oili ifaayo klachi inayooga. Oili nyingi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano. Dawa hiyo ni rafiki wa injini ya gari, na ni adui wa klachi ya pikipiki.

Mkulima mwenyewe aliijaribu, kwenye njia ya udongo inayopanda mlima. Sisi tulisimama chini tukisikiliza, maana klachi inayoteleza hujulikana kwa masikio kabla ya macho: sauti hupanda, mwendo haupandi. Alipanda kwa gia ya nne, mafuta yamefunguliwa, na sauti na mwendo vikaenda pamoja kama mtu na kivuli chake. Kisha akaruka tuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka hewani, yakatua kwa kishindo, na hapo tukasikia mlio mfupi, kama kufumba na kufumbua, kisha kimya cha kushika.

Aliporudi uso wake ulikuwa mgumu. "Imeteleza," alisema.

"Imeachia, mzee, kisha ikashika," ndugu yangu akamjibu. "Kishindo kile kilitafuta kitu cha kuvunja. Klachi ilikipokea, gia zako zikasalimika."

Mkulima hakuridhika. Akasema atatumia chombo kwa mwezi mmoja, kisha kifuniko kifunguliwe mbele ya macho yake. Pleti zikiwa zimeungua hatalipa kitu. Shule zilifunguliwa, na binti akaenda na deni la karo. Mama yake aliuza mbuzi wawili kupunguza sehemu. Nyumbani mle hapakuwa na ugomvi, lakini hapakuwa na maneno mengi pia, na mimi nilirudi kazini kwangu nikiwa na mashaka yao mfukoni.

Baada ya mwezi kifuniko kilifunguliwa. Nilisimuliwa kwa simu. Pleti zilikuwa na rangi yake ya kijivu, hazina alama ya buluu wala harufu ya kuungua, na unene wake ulikuwa umepungua kidogo sana. Mkulima alizishika moja moja, akazirudisha, akahesabu noti mezani. Neno alilosema lilikuwa moja: "Funika."

Msomaji mpenzi, usidhani nimekuambia kwamba kazi ile haikuwa na hasara. Pleti nyembamba huisha mapema kuliko nene, na ndugu yangu alimweleza mkulima jambo hilo tangu mwanzo. Wala usidhani kwamba nguvu ikishapita klachi safari yake imekwisha. Ukiimarisha kiungo kimoja, unauhamisha udhaifu kwenda kiungo kinachofuata: kutoka klachi kwenda gia, kutoka gia kwenda mnyororo, kutoka mnyororo kwenda ekseli na magurudumu. Breki ni zile zile za zamani. Na kiungo cha mwisho, ambacho hakuna duka liuzalo kilicho imara zaidi, ni mwili wa mpandaji. Huko Marekani vyombo vya magurudumu matatu, ambavyo Honda ilianza kuviuza mwaka 1970, viliumiza na kuua watu wengi, wakiwemo watoto, hata mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali kuacha kuviuza vipya. Kwadi imesimama vizuri kuliko hivyo, lakini nayo hupinduka na kumlalia mtu. Ukipata kuipanda, vaa helmeti, usimpakie mwenzako kwenye kwadi iliyofanyiwa mtu mmoja, wala usimpe mtoto chombo cha mtu mzima.

Mambo mengi katika maisha yako yatakuwa kama injini ile. Utapata elimu kuliko wazazi wako. Pengine utapata mshahara, au madaraka juu ya wengine. Siku hiyo ikifika usikae ukisikiliza mngurumo. Ifuate nguvu yako kutoka inapozaliwa hata inapogusa ardhi, na kila kiungo ukiulize kinaweza kubeba kiasi gani. Mshahara mpya hutaka hesabu ya matumizi, elimu mpya hutaka kazi ya kuitumia, madaraka mapya hutaka watu wenye ruhusa ya kukuambia "hapana." Penye upungufu, usikimbilie kukaza tu, kwa maana kukaza kuna mwisho wake, na mwisho huo huonekana kwanza katika vidole vya anayeshika. Ongeza mishiko: gawa mzigo kwa wengi, kila mmoja abebe sehemu yake.

Na kiasi cha kuachia ukiache. Mtu asiyeweza kulegea hata kidogo mbele ya kishindo, awe baba, mwalimu au kiongozi, hupeleka kishindo hicho kwa walio nyuma yake, na wao ndio wavunjikao. Mwenye hekima hupokea, huachia kwa kitambo kidogo, kisha hushika tena na kuendelea na kazi.